Vigawo vya Sabini na Mbili

Mke wangu alipoanza kwenda shule ya watu wazima kule Downsview, hapa Toronto, nilimuunga mkono kwa mdomo tu. Yeye aliishia darasa la nne. Mimi nilimaliza kidato cha nne, na kwa miaka yote ya ndoa yetu mtu wa hesabu nyumbani nilikuwa mimi. Alitaka kusomea kazi ya kutunza wazee. Nafasi alikuwa ameshaahidiwa; kilichobaki ni kufaulu mtihani wa hisabati.

Halafu simu zikaanza. Akimaliza kuosha vyombo anaingia chumbani, anaegesha mlango, nami sebuleni napunguza sauti ya televisheni. "Mbili, mbili, mbili," namsikia. "Halafu tatu na tatu." Kisha anacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tuhamie huku. Nilijiuliza kama ni namba za mabasi, au za mlango wa mtu. Nilipomwuliza anaongea na nani, alijibu, "Mwenzangu wa darasani." Hakusema kama ni mwanamume, nami sikuuliza. Nilitaka kumkamata, si kuambiwa.

"Mlete basi msomee hapa," nilimwambia siku moja, nikijifanya mkarimu.

Akaja Jumamosi, Mkongo wa makamo aliyefiwa na mkewe, kutoka Parkdale mpaka kwetu Etobicoke. Alikuwa amepiga pasi shati mpaka mikono. Nikajiuliza, nani hupiga pasi kwa ajili ya hesabu?

"Papa, jambo," alinisalimu na kuinama kidogo. Nikavuta kiti nikakaa mbele yao na kikombe cha chai iliyokwisha.

Swali liliuliza sabini na mbili ina vigawo vingapi. Sisi tulifundishwa kuviorodhesha jozi kwa jozi: moja na sabini na mbili, mbili na thelathini na sita, mpaka mwisho. Wao hawakuorodhesha. Waliipasua namba yenyewe mpaka zibaki namba tasa tu.

"Mbili inaingia," Mkongo alisema. "Inabaki thelathini na sita. Mbili tena, kumi na nane. Mbili tena, tisa. Bon, mbili imechoka. Sasa tatu."

Mke wangu akaandika: mbili kipeo cha tatu, mara tatu kipeo cha pili. "Kila kipeo naongeza moja," akasema, "halafu nazidisha. Nne mara tatu. Kumi na mbili."

Jibu lilikuja haraka mno, nikalishuku. Mtu atajuaje idadi ya vitu ambavyo hajaviona? Ni kama kutaja hesabu ya wageni bila kufungua mlango.

"Nani kawafundisha huu mchezo?"

"Si mchezo, Baba Watoto. Kila kigawo kinajengwa kwa hizi mbili na hizi tatu. Mbili unaweza usichukue hata moja, au uchukue moja, au mbili, au zote tatu. Hizo njia nne. Upande wa namba tatu, njia tatu. Kama una wivu na sabini na mbili, sema."

Wakacheka. Maelezo yake yalikuwa wazi kabisa, lakini mimi nilikuwa natafuta kosa, na nikadhani nimelipata.

"Mmesahau moja," nikasema. "Namba tasa ni ile inayogawanyika kwa moja na kwa yenyewe. Moja je? Iandikeni pale mbele."

"Non, Papa. Moja haiko tasa. Unaweza kuizidisha hata mara mia, namba haibadiliki."

"Wewe umesomea wapi?"

"Nilisoma nikikimbia vita, Papa."

"Ndiyo maana," nikasema.

Mke wangu alinitazama, na Mkongo akashusha macho kwenye karatasi.

Ukweli ni kwamba sikuwa na hakika. Kitu fulani cha zamani, sauti ya mwalimu pengine, kiliniambia moja haimo. Lakini nilikuwa nimeshaanza, na kuikubali hesabu ile kungekuwa kumkubali yeye. Alipoondoka, sikuacha. Nilimfuata mke wangu jikoni, nikamfuata mpaka kitandani: mtu usiyemjua atakuharibia mtihani, ananufaika nini kukufundisha bure? Mpaka Jumapili jioni, mkesha wa mtihani, alikuwa amechoka.

"Haya," akasema. "Wewe ndiye mwenye kidato cha nne."

Aliiandika ile moja kwenye mtihani. Akaipa kipeo cha kwanza, akakiongezea moja kama vingine, ikawa mbili, na kila jibu likatoka maradufu. Mia tatu na sitini ina vigawo ishirini na vinne. Yeye aliandika arobaini na vinane. Matokeo yalipotoka alinieleza amesimama mlangoni, koti la baridi mwilini, theluji ikiyeyuka kwenye buti. Ameanguka. Nafasi amepewa mwingine, na yeye arudie muhula mzima.

Asubuhi nilichukua karatasi ya matangazo, nikaorodhesha vigawo vya mia tatu na sitini kwa mtindo wangu. Ishirini na vinne. Nikashuku nimeruka baadhi, nikaanza upya. Ishirini na vinne. Hata hapo niliendelea kuvitafuta vilivyobaki, kama mtu aliyeambiwa kuna watu wamejificha nyumbani mwake.

"Nimekuponza," nilimwambia. "Sikuwa na hakika, nikasema nina hakika."

"Najua. Nilikuona usoni. Ila sikudhani mume wangu angenitosa kwa sababu ya shati la mtu."

Sasa yeye na Mkongo wanasomea maktaba. Jana alipokuwa akifunga mkoba nilimwomba niende naye.

"Kufanya nini?"

"Kusikiliza."

"Kusikiliza hesabu, au kutusikiliza sisi?"

Akavaa glavu zake, akatoka. Nami nikabaki nyuma ya mlango, sikio kwenye ubao, nikisikiliza kama ataongea kwa simu wakati akisubiri lifti.