Gugu Si Lugha ya Ushairi

Enzi zetu, miaka ya tisini, shairi halikuwa shairi bila minazi. Sisi watoto wa Homa Bay, tuliokulia ugali na samaki aina ya ngege, tulighani bahari na lulu ambazo hata mwalimu wetu wa Kiswahili hakuwahi kuziona. Ukikosea mizani, kiboko. Watoto wa leo ukiwapa beti mbili wakariri, wanadai kichwa kinauma.

Mwaka ule gugumaji lilifunika ziwa. Mtumbwi wa baba ulikaa ufuoni wiki baada ya wiki, nasi tukala sukumawiki hadi tukaichukia. Nilipochaguliwa kughani siku ya wazazi, niliandika: "Gugu limeziba ziwa, baba atavua wapi?" Mwalimu akaukata mshororo kwa wino mwekundu. "Gugu si lugha ya ushairi," akasema. "Na mkuu wa tarafa atakuwepo." Akaniandikia lulu.

Siku yenyewe nilipofika penye lulu, nilimwona baba kule nyuma, amevaa koti lake la harusi. Nikasema gugu.

Kisha baba akainua mkono, vile wazee humkatiza mpiga zeze la nyatiti ili wajisifu, desturi tunayoiita pakruok. "Simamisha hapo kwanza," akasema. "Mimi, bwana ya nyar Kosele, binti ya Kosele, mtu ya kumaliza ngege, ndiye huyo baba. Nimeulizwa swali na sina jibu. Mkubwa ako nalo?"

Wazazi wakapiga makofi. Mkuu wa tarafa akatazama saa yake.

Jumatatu nilichapwa viboko sita. Sikulia, na hadi leo sijutii hata kimoja.

Sasa nafundisha Kiswahili huku Migori. Juzi msichana mmoja wa darasa langu, ambaye mama yake anafanya kazi Uarabuni, aliniletea shairi la siku ya wazazi: "Bando limeisha leo, mama nitamwona wapi?" Aibu iliyoje: mkono wangu ulikuwa umeshalikata bando kabla sijafika mwisho wa mshororo. Walimu wenzangu walisema nimefanya vyema, kwamba hayo ni maneno ya simu. Nayakumbuka mashairi yetu na vina vyake vitamu, na ninayatamani. Lakini hayakuwa na baba yangu ndani.

Nikaliandika bando upya, kwa wino uleule mwekundu. Atalisema mbele ya wakubwa wote, nami nitakaa nyuma, mkono tayari kuinuka.