Siku Nilipoyafunua Majina

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiifikiria huona haya, na papo hapo humshukuru Mungu kwamba ilinifika. Nakusimulia wewe, mtoto wa dada yangu, kwa sababu Jumatatu unaingia ukumbini kufundisha wauguzi kama nilivyofundisha mimi, na juzi nimekusikia ukijisifu ati utawaamsha kwa simu zao wenyewe. Sikukatazi. Mimi nilianza mambo hayo wewe ukiwa bado shule ya msingi. Lakini kaa kwanza, unywe kahawa yako, unisikilize.

Kwa umri sikuwa kijana tena. Nilikuwa nimeshaanza kuvaa miwani. Ila katika mambo ya mitambo nilikuwa mchanga kabisa, na kiburi nilikuwa nacho cha kutosha watu watatu. Sifa yangu chuoni ilikuwa kwamba darasa langu linafahamu. Nikimaliza kueleza huuliza, "Mumefahamu?" nao ukumbi mzima hunijibu, "Tumefahamu, Mwalimu." Basi mimi hukusanya vitabu vyangu nikarudi nyumbani Kibokoni roho yangu imetulia. Wakifeli mtihani, nasema hawasomi.

Mwaka huo chuo kikatuletea mpango wa kuuliza maswali kwa simu. Swali linatokea ukutani, kila mwanafunzi anagusa jibu lake kwenye simu yake, na ukuta unaonyesha wangapi wamechagua jibu gani. Majina hayaonekani, yanabaki kwenye kompyuta ya mwalimu. Aliyenifundisha kuutumia ni Mzee Yusufali, fundi wa mitambo ya ukumbi, Mhindi wa hapa hapa mjini, mtu mpole aliyekaribia kustaafu. Mbele yake nikawaahidi wanafunzi: jibuni kwa raha zenu, hakuna atakayejua nani kajibu nini.

Siku yenyewe nilikuwa nimefundisha hesabu za vipimo vya dawa. Nimeeleza saa nzima, nimeuliza mumefahamu, wameniitikia vizuri. Nikatia swali ukutani: daktari ameandika miligramu mia mbili na hamsini, na dawa ya maji iliyoko chupani ina miligramu mia moja na ishirini na tano katika kila mililita tano. Mgonjwa apewe mililita ngapi? Jibu ni kumi. Zaidi ya nusu ya ukumbi wakasema mbili.

Wallahi, nilihisi nimepigwa kofi. Badala ya kujiuliza nimefundisha nini, nilijiuliza hawa wananichezea vipi. Nikabonyeza nisipopaswa kubonyeza, majina yakajaa ukutani. Nikasoma la kwanza. Lilikuwa la Kadzo, msichana mtulivu kutoka Kinango, wa safu ya mbele.

"Kadzo," nikasema, "sasa hivi umeniambia umefahamu. Uongo huu wote wa nini?"

Akasimama. Akasema, "Nisamehe, Mwalimu," akaketi. Wengine wakainamisha vichwa. Na mimi, maskini wa Mungu, nikaona nimewatia adabu.

Wiki iliyofuata nikauliza tena kwa simu. Ukumbi mzima ukajibu sawa. Wiki ya pili vivyo hivyo, hata mmoja hakukosea. Nilifurahi mimi! Nikamwita Mzee Yusufali aje aone matunda ya ukali wangu. Alisimama nyuma kipindi kizima akizitazama simu zao. Wanafunzi walipotoka, akaniambia kuna kijana mmoja hodari anayepiga hesabu, anawatumia wenzake jibu kwenye kikundi chao cha simu, nao wote wanagusa lilo hilo. Nikaanza kufoka. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Bi Rukia," akasema, "hawa hawajibu swali. Wanajikinga na wewe."

Kisha akaniuliza yule binti wa mbele yuko wapi.

Sikuwa na habari. Kumbe Kadzo hakuwa ameonekana tangu siku ile. Sheria yetu ilikuwa wazi: akikosa kipindi kimoja tu zaidi, hafanyi mtihani wa vipimo vya dawa, na asiyefanya mtihani huo haendi wodini kujifunza kazi. Mwaka wake ungepotea, na kwa mtoto aliyesomeshwa kwa shida kama yeye, mwaka ukipotea huenda na chuo kikapotea. Na aliyemfukuza ni mimi.

Kesho yake nikenda mtaa wa Tudor, alikokuwa akikaa na shangazi yake, mama mmoja auzaye vitunguu sokoni Marikiti. Walinikaribisha kwa heshima iliyozidi kunitia haya. Chai ikaja, mahamri yakaja, tukaulizana hali za watu wote mpaka hapakubaki wa kuulizwa. Shangazi ndiye aliyefungua maneno. Alisema kwao mtoto hulelewa hivi, kwamba mkubwa akikuuliza umefahamu, unaitikia ndiyo, kwa sababu kusema sijafahamu ni kama kumwambia hajui kueleza. Nami nikakumbuka hata sisi hapa Mji wa Kale ndivyo tulivyolelewa. Miaka yote ile nilikuwa nikipewa adabu, nikaihesabu kuwa elimu.

Nikamgeukia Kadzo, nikamwomba aseme na yeye. Akasema kwa sauti ndogo:

"Mwalimu, mdomo ulikujibu kwa heshima. Simu ilikujibu kweli. Na ile kweli ndiyo iliyoniponza."

Mwanangu, nilikuwa mtu mzima, sikuwa nimezoea kumwomba radhi mtoto. Siku hiyo niliomba. Nilimwambia nimekosa, na kama hatarudi kwa ajili yangu basi arudi kwa ajili ya wagonjwa watakaomhitaji. Hakuniahidi kitu.

Kipindi kilichofuata alikuja, akakaa safu ya mwisho karibu na mlango. Nikasimama mbele ya wote nikaomba radhi tena, na kabla ya swali lolote nikamtaka Mzee Yusufali ayafunge majina hata mimi mwenyewe nisiweze kuyaona. Kwenye majibu tukaongeza moja: sijafahamu. Nikauliza swali la namna ile ile ya siku ile. Majibu yakatawanyika ukutani! Mbili, ishirini, hamsini, na sijafahamu wengi ajabu. Waliopata walikuwa wachache wa kuhesabika. Nikawaambia ahsanteni, na niliimaanisha kuliko ahsante yoyote niliyowahi kutoa pale ukumbini. Nikawaomba wageukiane, kila mmoja amweleze jirani yake amefikaje kwenye jibu lake, kisha wajibu tena. Kelele zikawa kama za sokoni. Waliporudia, wengi walipata.

Nikataka kuendelea mbele. Mkono ukanyanyuka kule mlangoni.

"Mwalimu, mimi bado nimekosea," Kadzo akasema, ukumbi mzima ukimsikia. "Nifahamishe tena."

Nikafuta ubao, nikaanza mwanzo. Hakuna aliyecheka. Mtihani alifanya, wodini akaingia, na mimi tangu siku ile nikawa mwalimu wa kweli.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Tumia simu, tumia kila kitakachokuja baada ya simu. Lakini ukimwahidi mwanafunzi kwamba hataonekana, itimize ahadi hata siku atakapokutia hasira. Wakikosea wengi, jiulize umeelezaje kabla ya kuwauliza wamesikiaje. Ukuta ukikuonyesha wote wamepata, usikimbilie kufurahi, watazame nyuso. Na atakayekwambia kwa mdomo wake kwamba hajafahamu, huyo mshukuru mbele ya wenzake, kwa sababu amekuamini.

Mungu akujaalie subira ambayo mimi nilichelewa kuipata. Akupe na wewe mzee mpole wa kukukanya, na mwanafunzi atakayerudi baada ya kumkosea. Nenda, mwanangu, radhi zangu unazo.