Wimbo Uliopigiwa Jeneza Tupu

Bendi yetu ya matarumbeta, pale Soweto, Mbeya, ilikuwa na wimbo mmoja ambao mazoezini hatukuupiga mzima. Ni wimbo wa kutoa mwili ndani ya nyumba. Wanaume wakiinua jeneza sebuleni, sisi tunaanza, na hatunyamazi mpaka livuke kizingiti na kutuliwa uani. Mazoezini tuliukata katikati: nusu ya kwanza Jumanne, nusu ya pili Alhamisi. Mwalimu wetu, aliyerithi bendi kwa baba yake, alisema wimbo ule ukipigwa mzima pasipo maiti huondoka kwenda kumtafuta maiti wake. Aliyasema hayo bila kutisha mtu, kama vile anakukumbusha kufunga geti.

Mimi niliacha shule kidato cha pili, na kabla ya bendi sikuwa nimemaliza mwaka mahali pamoja. Nimebeba matenga ya nyanya, nimechimba mitaro, nimepiga debe stendi. Kwenye bendi nilikuwa naingia mwaka wa tatu. Mwalimu alinipa chumba cha uani kwake, akanipa tarumbeta iliyobonyea ubavuni, akanifundisha kuanzia namna ya kubana midomo. Nikiingia getini mama yake, bibi wa miaka themanini na zaidi, aliuliza, "Umerudi?" Nilikuwa sijawahi kuulizwa swali hilo na mtu.

Kilichoniponza ni kutaka kujua. Msibani huwezi kuusikia wimbo unaoupuliza mwenyewe, tena watu wanalia. Basi Jumanne nikarekodi kwa simu, Alhamisi nikarekodi tena, nikaunganisha vipande viwili. Nikausikiliza nikiwa nafua nguo. Ulikuwa mzuri kuliko nilivyodhani. Nikaurudia mara tatu.

Wiki chache baadaye wakaja watu wa filamu. Walikuwa wanapiga picha za hadithi yao upande wa Iringa, kwenye vilima vya karibu na Ilula, na ndani yake kulikuwa na msiba. Walitaka bendi ya kweli isimame nyuma ya waigizaji. Mpiga besi wetu, mtu mnene asiyeishiwa mzaha, akasema, "Twendeni. Labda mke wangu akiniona kwenye skrini atakumbuka kuwa ana mume."

Siku ya kwanza tulipiga tenzi za kawaida na kusimama juani. Kazi ya filamu ni kusimama. Unasogezwa hatua mbili kushoto, unarudishwa, unaambiwa usiangalie kamera. Katikati ya ua wa nyumba waliyoikodi palikuwa na jeneza jipya, bado linanuka vanishi. Waigizaji walilibeba kwa mkono mmoja, mwongozaji akawa anawagombeza: "Lina mtu humo! Lemeweni kidogo!"

Wakati wa chakula nikakaa na fundi wa sauti. Nilimuuliza kila kitu: kwa nini kipaza sauti kimevikwa manyoya, upepo anautoa vipi, sauti ya nyayo anaipata wapi. Naye akaniuliza juu ya bendi. Nikamwonyesha simu. Alisikiliza amefumba macho.

"Kaka, hii ni balaa," akasema. "Nirushie."

Nikamrushia.

Asubuhi yake mwongozaji, dada mmoja mpole kutoka Dar, akamwendea Mwalimu. "Shikamoo mzee wangu. Leo wakitoa jeneza tunaomba ule wimbo wenu."

"Wimbo gani, mwanangu?"

Fundi akabonyeza. Ukatoka kwenye spika mbili kubwa, mzima, ukashuka mteremkoni. Mwalimu hakumzuia. Alivua kofia, akaishikilia mpaka wimbo ukaisha, ndipo akatugeukia.

"Nani kaushona?"

Nikanyoosha mkono kama niko darasani. Mpiga besi alikuwa na utani mdomoni, akaumeza.

"Ufuteni," Mwalimu akamwambia yule dada.

"Mzee, mbona ni igizo tu? Jeneza ni tupu. Hakuna aliyekufa."

"Hilo ndilo tatizo lenyewe."

Dada akacheka kidogo, kwa heshima, akidhani amefanyiwa mzaha. Alipoona hakuna mwingine anayecheka akasema basi, tusipige. Tushike tu vyombo midomoni, sauti itatoka kwenye spika. Nilimwambia Mwalimu tuondoke. Hakunitazama. "Utapigwa tukiwepo na utapigwa tusipokuwepo. Afadhali uwe na watu wake."

Tukasimama. Tuliweka vyombo midomoni na hatukutia pumzi. Jeneza likatoka, likarudishwa, likatoka tena. Kila lilipotoka wimbo ulianza upya na kuisha. Chini yetu palikuwa na mashamba, na wanawake walikuwa wanachuma nyanya. Mara ya kwanza waliinuka. Mara ya pili waliweka ndoo chini na kufunga khanga vizuri. Mara ya nne walikuwa wamepanda mpaka kwenye uzio wa michongoma, wamejishika vichwa, na mmoja wao akanisalimu kwa Kihehe mimi niliyekuwa pembeni, akauliza, "Kamwene. Ni nani amefariki?"

Nilikuwa na tarumbeta mdomoni, na nilikuwa nimekatazwa kugeuka.

Kwenye gari la kurudi Mbeya Mwalimu alisema neno mara moja tu. Wimbo umeachwa wazi, akasema, na hatutapiga harusi wala kipaimara mpaka ufungwe na msiba wa kweli. Nikamuuliza, "Na mimi, Mwalimu?"

"Wewe utapuliza sauti ya kwanza siku hiyo. Ukiondoka kabla, usirudi."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kusubiri mtu afe.

Sikujua kusubiri huko kukoje. Salamu ziliharibika. Mpiga besi akinipigia simu na kuuliza, "Wazima huko?" nilisikia anachouliza hasa. Naye nilipomuuliza hali ya baba mkwe wake, aliyekuwa na sukari, alisema, "Unamuulizia kwa nini wewe?" Mpiga ngoma kubwa aliacha kuja mazoezini kwa sababu mkewe alikuwa mjamzito, hakutaka tumtazame yeye huku tukimwaza mkewe. Na mle ndani kwa Mwalimu bibi alikuwa anakohoa. Alikuwa anakohoa tangu nihamie pale, ila sasa nilikuwa nahesabu. Siku moja nilimpelekea uji, nikasimama mlangoni muda mrefu kuliko kawaida.

"Unapima nini?" akaniuliza. "Kama ni jeneza, mimi ni mfupi. Utabakiza mbao."

Nilicheka. Usiku ule niliendelea kuhesabu.

Wiki ya saba simu ikaita. Msiba ulikuwa Rujewa, familia ya wafugaji waliohamia Usangu kutoka kaskazini. Baba wa nyumba, mtu wa makamo, tumbo lilimshika siku tatu tu. Hatukuwa tunamjua. Mwalimu alipokata simu alikaa chini kwenye ngazi, akavuta pumzi ndefu. Kisha akamwita mama yake, bila sababu, ili tu amsikie akiitika.

Garini watu walirudi kuwa watu. Mpiga ngoma kubwa alikuja, amevaa sare iliyopigwa pasi. Mpiga besi akaanza kumwigiza yule dada wa Dar: "Lemeweni kidogo! Lina mtu humo!" Tukacheka mpaka machozi. Mwalimu naye alicheka, akigeuza uso dirishani. Tulipochepuka Igawa bado tunacheka. Tuliposhuka uani kwa marehemu tulikuwa tunajifuta macho.

Nilipuliza sauti ya kwanza. Wanaume sita waliinua jeneza, na safari hii liliwalemea bila kuambiwa. Sijawahi kupiga vile. Likavuka kizingiti, likatuliwa, nusu ya pili ikaisha, nikaona mabega ya Mwalimu yakishuka kama ya mtu aliyetua gunia.

Mjane akatoka kati ya wanawake. Alitupita wote, akasimama mbele yetu.

"Niliwaona mnashuka garini," alisema. Hakupaza sauti. "Mlikuwa na furaha. Mlikuwa mnamsubiri mume wangu?"

"Ni uchovu wa safari, mama," Mwalimu akasema. "Utusamehe."

Hakumtazama. Alinitazama mimi, sijui kwa nini mimi.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Wiki saba."

Hakupiga kelele. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu, wanawake wakamshika mikono. Mwalimu akaichukua tarumbeta mkononi mwangu. Aliitoa mate, akaipangusa kwa kitambaa chake, akaiweka kwenye mfuko wake na kufunga zipu.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Hawa wenzako hawataweza tena kupiga ukiwepo."

Nikatoka ule ua nikishika njia ya majaruba ya mpunga, huku nyuma wale wanaume sita wakiliinua jeneza kulipeleka kaburini, bila muziki.