Betri za Juani na Wimbo wa Amerika

Kama umewahi kusikia habari za mwalimu wa kwaya wa Ikonge aliyeaibika mbele ya makanisa manane, mwalimu huyo ni mimi, na ni heri niseme mwenyewe kwa sababu wenzangu wanatia chumvi (eti nilizimia, sikuzimia, nilikaa chini tu).

Miaka ile ya tisini nilikuwa naongoza kwaya ya kanisa letu la Wasabato, watu kumi na wanane, wengi wao wachuma majani chai, na kila Agosti kwenye makambi, pale makanisa ya eneo zima yanapokutana wiki nzima chini ya maturubai, wazee walichagua kwaya moja ya kuimba Sabato ya kufunga makambi. Sisi hatukuwahi kuchaguliwa. Mzee Nyabuto, mzee wa kanisa letu, aliniambia bila kunificha kwamba tukikosa tena mwaka ule kwaya atapewa mtu mwingine, na mimi kwaya ile nilikuwa naipenda kuliko shamba langu, mke wangu ni shahidi.

Ndipo nikasikia kwamba maktaba ya Kisii mjini imepata sanduku la kanda za muziki wa Wamarekani weusi, na mwenye kadi anaziazima kama vitabu. Nilikwenda siku ileile. Stima zilikuwa zimepotea, mashine yao ya kusikilizia imelala, kwa hiyo mama wa maktaba akaniandikia kanda nne niende nazo nyumbani: mbili za kwaya za kanisa, moja ya mzee na gitaa lake, moja ya matarumbeta.

"Ukirudisha utaniambia umesikia nini," akasema.

Nyumbani redio kaseti yangu ilikuwa na betri zilizochoka, na hapo ndipo nilipokosea, kwani badala ya kutafuta mpya nilifanya kama kila mtu wa kwetu, nikazianika kwenye bati la jikoni zipate jua (na jua la Nyamira mnalijua, likichomoza asubuhi, saa nane mvua imeshafika). Redio ikaimba. Sauti zilikuja nzito, za polepole, kama watu wanaopanda kilima na gunia la ndizi mgongoni, na mimi nikaketi pale machozi yakinilengalenga.

Baada ya wiki moja nilikuwa mtaalamu. Niliwaeleza wanakwaya kwamba Wamarekani weusi ni watu wa huzuni kupita kiasi, hata tarumbeta wanaipuliza kwa kilio (kusema kweli ilikuwa inalia kama ng'ombe anayetafuta ndama), na kwamba siku za mawingu huzuni yao inazidi. Hilo la mawingu lingenifumbua macho, lakini wapi.

Nikachagua wimbo mmoja wa kurudi nyumbani kwa Baba, nikageuza maneno yawe Kiswahili, na ule mstari wa mtu mmoja, ulioimbwa na mwanamume wa sauti ya chini kabisa, nikajipa mwenyewe. Kemunto, mwimbaji wetu wa sauti ya kwanza ambaye hamwogopi mtu, alisikiliza kanda mara moja tu.

"Mwalimu, huyo ni mama anaimba."

"Mama gani ako na besi kama hiyo?"

"Mimi nakuambia. Na hiyo redio yako iko na njaa."

Kwaya ikacheka, nami nikamwambia arudi kwenye mstari wake.

Siku ya kuchaguliwa tuliimba vizuri, jamani, turubai zima lilinyamaza na wazee wakafumba macho, na mtu mwenye akili angeshukuru Mungu akaketi. Mimi nikataka sifa. Nikashika maikrofoni nikasema wimbo huu tumeutoa Amerika kwenyewe, sasa wasikieni wenyewe mpime kama tumekosea hata noti moja, kisha nikachomeka redio kwenye jenereta ya makambi.

Wale waimbaji wa kwenye kanda walitoka mbio, si wale wa polepole niliowazoea. Ngoma, makofi, na yule mwanamume wangu wa besi alikuwa mwanamke mwenye sauti ya juu inayokata kama wembe, na haya yote yanatoka kwenye spika mbele ya wazee ambao kwao ngoma kanisani ilikuwa haitajwi hata kwa mzaha. Watoto wakaanza kuruka. Nikatafuta kitufe cha kuzima, mkono ukapata cha sauti, nikaongeza.

"Mwalimu," Kemunto akaninong'oneza, akisahau maikrofoni bado iko mkononi mwangu, "si ni mama?"

Makanisa manane yakacheka. Nikakaa chini kwenye nyasi, nikijua kwaya imeniponyoka.

Mzee Nyabuto akaja akachomoa waya. "Hawa wameimba hivi, nyinyi mkaimba vile. Ile yenu mlifunzwa na nani?"

"Betri, mzee," nikasema. "Zilichoka, kanda ikawa inajikokota." Ningedanganya nini tena?

Akanikabidhi ule waya. "Hiyo ya ngoma rudisha maktaba. Hiyo ya betri imbeni tena."

Nilisimama, nikamwita Kemunto mbele na kumpa mstari wangu. Aliuimba polepole vilevile, sauti yake ya juu ikielea juu ya besi zetu, na mimi niliyeufundisha wimbo nikaona sikuwa nimeujua. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja mjane alisimama akabaki amesimama mpaka mwisho, na wazee wakatuchagua palepale bila kwenda pembeni kushauriana.

Jumatano nilirudisha kanda Kisii, nikamweleza mama wa maktaba yote. Stima zilikuwepo. Akanivalisha vile vya masikioni, nikasikiliza zote nne upya hadi wakafunga, na kumbe yule mzee wa gitaa alikuwa anachekesha watu na tarumbeta ilikuwa inacheza. Niliona aibu ya pili, ya kuwasingizia.

Nimeapa kwamba mwanakwaya akiniambia amesikia kitu, nafunga mdomo nisikie na mimi. Sabato ya kufunga, mtangazaji alituita "kwaya ya Kemunto" mbele ya umati wote, mimi nikiwa nyuma kwenye besi. Sikumsahihisha, na sijawahi kutembea kifua mbele kama nilivyotembea jioni ile kurudi nyumbani.