Alhamisi Aliyotaka Kwenda Kupima

Ilikuwa mwaka ule daraja liliposombwa na maji. La, tusidanganyane, daraja lilisombwa mwaka uliofuata. Huu ulikuwa mwaka ambao shule zilibadili sare kutoka kijivu kuwa buluu, na kibanda cha ushonaji cha ndugu wawili kikajaa vitambaa hadi mlangoni, mtu akiingia anapita upandeupande kama kaa.

Mkubwa ndiye aliyekuwa fundi. Walimwita Inchi Mbili, maana kila suruali aliyoshona aliiachia inchi mbili za akiba ndani ya mshono. "Utanenepa tu," alimwambia mteja, "na ukinenepa tunafumua, hatulii." Mdogo alikuwa mpiga pasi. Pasi yake ilipoa mara kwa mara, mdomo haukupoa hata siku moja. Wako walioleta nguo zisizo na kunyanzi, waje tu kusikia maneno yake.

Siku moja akaja nesi wa zahanati ya pale jirani kushonewa gauni la kazini. Inchi Mbili akampima mabega na kiuno, akaandika, akachomeka penseli sikioni. Nesi akatoa karatasi mkobani.

"Baba, una miaka mingapi?"

"Hamsini na mbili. Huyu mdogo wangu ana arobaini na sita, ila akili yake kumi na moja."

"Basi someni hii. Presha, mngekuwa mmeanza kupima tangu ujanani. Sukari, tangu mlipogonga arobaini. Na wewe baba, kwa hamsini hii, tezi dume. Unatolewa damu kidogo tu. Baba yenu mzazi aliondoka na nini?"

"Uzee," akasema fundi. Kisha akafikiri. "Ila mwishoni, akienda kukojoa, alikaa huko mpaka chai inapoa."

Nesi hakucheka. "Usichelewe. Njoo Alhamisi."

Alhamisi ikafika. Inchi Mbili alikuja na shati safi, akashona mpaka saa nne, kisha akainuka, akakung'uta nyuzi magotini.

"Nakwenda kupima mara moja," akamwambia mdogo wake. "Narudi sasa hivi."

Sasa neno hilo, kupima, mtaani pale likisemwa peke yake, bila kutaja kinachopimwa, lilikuwa na maana moja tu: ule ugonjwa ambao mtu huuokota kwenye vitanda visivyo vyake. Mpiga pasi alijua vizuri kaka yake anakwenda kupima nini. Karatasi aliisoma mara mbili. Lakini wateja walikuwa watano, wote wamekaa wanangoja kuchekeshwa.

"Jamani, msikieni! Kaka anakwenda kupima! Mzee mzima, ulipita wapi wewe? Shemeji anajua?"

Kibanda kiliangua kicheko. Mama mmoja aliyefuata sare za wanawe akapiga makofi mpaka kitambaa kikamdondoka mapajani. Inchi Mbili naye alicheka, cheko la mtu aliyekanyagwa kidole. Akakaa tena, akavuta cherehani.

"Nilikuwa natania," akasema.

Maneno hayana miguu ila yanatangulia. Alipofika nyumbani jioni, mkewe alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba watoto, kupima nini? Mimi nijiandae pia?"

Akaapa hakwenda, wala hatakwenda. Alikuwa mtu wa kutimiza kiapo.

Nesi alipokuja kuchukua gauni alimuuliza fundi mbona hakutokea. "Kazi zikipungua, mama," akajibiwa. Mpiga pasi akainamia kola aliyokuwa akiinyoosha, akaipitishia pasi mara ya pili, na ya tatu.

Mwaka wa tatu Inchi Mbili alianza kuinuka kitini mara kwa mara kwenda nyuma ya kibanda. Mgongo ukauma. Alilaumu kiti. Mdogo wake akamletea mto, kisha kiti kingine, kisha siku moja akamwinua mwenyewe, maana miguu ilikataa. Hospitali kubwa daktari alisema ugonjwa ulianzia kwenye tezi, sasa umeshaingia mifupani.

Wodini mpiga pasi alikaa pembeni ya kitanda, anakunjakunja ukingo wa shuka kama anautafutia mstari.

"Kaka, ile Alhamisi..."

"Suruali ya mwalimu umeipiga pasi?"

"Nimeipiga. Kaka, nilikuwa na..."

"Basi mpelekee. Mtu asiende kazini na suruali moja." Akageukia ukutani. Siku zake zilizobaki zilikuwa tisa.

Baada ya maziko mpiga pasi alimkuta shemeji yake anapanga mashati ya marehemu. Alipotaja tu neno Alhamisi, mama yule aliyabeba mashati yote kifuani, akaingia chumbani, akarudisha mlango taratibu.

Siku hizi mpiga pasi hupima kila mwaka. Huwaaga wateja kwa sauti: anakwenda kupima tezi dume, na anayetaka kucheka acheke. Hakuna anayecheka. Presha yake nzuri, sukari nzuri, tezi nzuri. Kila akipewa karatasi safi huikunja haraka, kama mtu aliyebeba kitu kisicho chake.

Mara ya mwisho nesi alikuwa yuleyule, kichwa kimeingia mvi. Alimfunga mpira mkononi, akaanza kuutafuta mshipa.

"Kunja ngumi, baba."

Akakunja. Kisha akamuuliza, polepole, macho sakafuni: "Nesi, kama mimi nisingefungua mdomo siku ile, kaka angekuwepo?"