Nilivyomgeuza muuaji wa kwenye series ya Kichina kuwa malaika, nusura dada wa watu aolewe vibaya

Wakuu, heshima kwenu nyote, wa nyumbani na tuliotawanyika.

Ninachoandika hapa ni kweli. Majina tu nimebadilisha, kwa sababu mmoja wa wahusika ana mkasi, na kichwa changu kinapita mikononi mwake kila mwisho wa mwezi. Mengine yote yametokea hivyo hivyo, hapa Johannesburg, Malvern, kwenye saluni moja ya Jules Street.

Mimi ni Mtanzania, mwandishi wa riwaya. Riwaya yangu ya kwanza haijatoka. Ya pili inasubiri ya kwanza itoke.

Ugonjwa wangu ni riwaya za Kichina za mapanga. Zile ambazo mtu anakaa pangoni miaka kumi akijifunza kupumua, halafu anatoka kulipa kisasi cha baba yake, kanzu bado nyeupe kama imetoka kupigwa pasi. Wenzangu wa vikao vya waandishi wananicheka. Waache wacheke. Kuna sentensi ndani ya vitabu vile inatua kimya kama unyoya, unafunua ukurasa, unakuta kichwa cha mtu kimeanguka na wewe hukusikia kitu.

Sasa, chumba ninachopanga umeme wake ni wa kubahatisha. Saluni ya Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, ina betri kubwa na kona yenye soketi. Nikaiomba kona. Nikakaa na laptop yangu, naandika.

Malipo ya kona yalikuwa ni kusimulia series.

Pale ukutani kuna TV. Mama Furaha anapenda series za Kichina kuliko chakula. Tatizo, maneno ni Kichina, na maandishi ya chini ni Kiingereza kinachopita mbio, na wao macho yako kwenye vichwa vya wateja. Basi mimi nikawa natafsiri kwa sauti, kama wale jamaa wa kwenye mabanda ya video kwetu. Mpaka upepo nilikuwa naupiga kwa mdomo.

Series ya kwanza iliitwa Upanga Usioimba. Kitabu chake nilishakisoma mara mbili, kwa hiyo nilikuwa natafsiri na kuongeza yale ambayo TV iliyaruka. Steringi alikuwa jamaa mrefu, mwenye macho ya mtu aliyepata habari mbaya akaamua asikuambie. Saluni nzima ikampa jina, Kanzu Nyeupe. Mama Furaha alimwita mkwe.

"Ule ni mukwe wangu," aliwaambia wateja. "Na ile wigi yake ni nywele za mutu, si plastiki. Angalia pa mbele, huoni gundi."

Episode ya mwisho, Kanzu Nyeupe alichimba kaburi la mwalimu wake kwa mikono mitupu. Saluni ililia. Kuna mteja alisahauliwa chini ya drayer.

Kama ingeishia hapo, nisingekuwa na uzi wa kuandika.

Ikaja series ya pili, Mlima wa Majina Saba. Mwandishi wa kitabu ni yule yule. Na mwigizaji ni yule yule, Kanzu Nyeupe wetu. Ila sasa anaitwa Gu, na mimi kitabu nilishakisoma. Gu ndiye adui. Anamuoa binti wa mzee mkuu wa mlima ili aibe kitabu cha siri za upanga, na huyo mzee, baba mkwe wake, Gu anamwekea sumu kidogo kidogo kwenye chai kwa miaka mitatu.

Episode ya kwanza nikatangaza kama kawaida: "Huyu sasa ndiye adui, mama zangu. Mtazameni vizuri."

Kitana cha Mama Furaha kikasimama hewani.

"Mutanzania, chunga kinywa. Ule mutu alichimba kaburi ya mwalimu wake na mikono. Leo atakuwa mubaya namna gani?"

"Mama, huyo ni mwigizaji tu. Kule alikuwa mtu mwingine."

"Alibadilisha sura? Si ni yeye yule? Umesoma vibaya. Soma tena." Halafu akaongeza, bila kuniangalia: "Na kuna dada wa kucha anaomba ile kona kila siku."

Wakuu, nikasoma tena.

Nikakuta kumbe Gu ni mtu mwema sana.

Alipotia unga kwenye chai ya mzee, nikasema ni dawa ya kifua. Alipokutwa anasoma kitabu cha siri kwa kificho, nikasema anamtafutia mzee maombi. Mpishi aliyemfuma na ule unga akatoweka. Nikasema amepewa likizo, amekwenda kwao. Alipomsukuma mwanafunzi mwenzake kutoka kwenye jabali, nikasema anamfundisha kupaa, si mnajua watu wa kule wanapaa.

"Mbona harudi?" akauliza Mama Furaha.

"Amepaa mbali, Mama."

Nitakiri kitu hapa. Nilianza kufurahia. Gu wangu alikuwa na huzuni, na subira, na upendo usioeleweka na watu. Alikuwa mhusika bora kuliko wote niliowahi kuwatunga. Tatizo ni kwamba pale kwenye TV alikuwa anaua.

Sasa niwatambulishe Solange. Ni mtoto wa dada yake Mama Furaha, na mikono yake inasuka kama inaandika barua ya haraka. Ni mtu wa maneno machache, yote yana ncha. Mimi ananiita Mwandishi, kwa namna ambayo huwezi kujua kama ni heshima au ni kesi.

Huyu Solange yumo kwenye riwaya yangu mara tatu, kwa majina matatu. Katika zote tatu ananikataa vizuri. Mnaelewa hali yangu.

Solange alikuwa na mchumba, Didier, muimbaji wa kwaya ya kanisani kwao. Walishatangazwa. Wiki mbili kabla ya wazee kuja, Didier akaondoka kwenda Cape Town na dada mwingine wa kwaya hiyo hiyo. Mwaka mzima kimya. Halafu ghafla amerudi, ametuma ujumbe kupitia wazee wa kanisa kwamba Jumamosi anakuja saluni kuomba msamaha na kuanza posa upya.

Jumatano Mama Furaha akamkalisha Solange mbele ya TV. Nikiwepo.

"Mutoto wangu, unaona Gu? Pale mulimani wote banamusema vibaya. Anapika dawa, banamusema. Anafundisha batu kuruka, banamusema. Kumbe iko na roho muzuri. Didier naye njo vile. Batu banaona inje tu."

Moyo wangu ulidondoka kama yule mwanafunzi wa jabalini.

Solange akatazama TV. Akanigeukia.

"Mwandishi. Ni kweli Gu ni mutu muzuri?"

Wakuu, mlango ulikuwa wazi. Nilichotakiwa kusema ni neno moja. Lakini niliiona kona yangu, nikaiona soketi yangu. Na nikawaza pia, nikimtia Didier doa leo, watasema ni wivu, na kwa bahati mbaya watakuwa sahihi.

Nikasema: "Ana mambo mengi ndani."

Solange akatikisa kichwa taratibu. "Basi Jumamosi nitamusikiliza Didier."

Siku mbili hizo sikuandika hata mstari.

Jumamosi asubuhi akaingia mteja mgeni. Wanjiru, Mkenya, anafanya kazi benki huko Sandton, kaelekezwa na rafiki yake kwamba Jules Street wanasuka bila kung'oa ubongo. Alitaka zile rasta nyembamba. Saa sita nzima kwenye kiti. Na kiti kilitazama TV uso kwa uso.

Mimi sikuwa na habari. Nikaanza kusimulia episode ya ishirini na saba.

Baada ya dakika kumi nikaona mabega ya Wanjiru yanatetemeka.

"Dada, tuliza kichwa," akasema Mama Furaha.

"Pole, Mama." Machozi yalikuwa yanamtoka.

Kwenye TV mzee mkuu yuko kitandani, anakata roho. Gu amepiga magoti, kashika kikombe. Nikashusha sauti: "Mzee amechoka na dunia. Gu anamnywesha dawa ya mwisho. Anamwambia, baba, umekuwa mzazi kwangu. Sasa anainamisha uso... analia."

Wanjiru akashindwa.

"Analia? Ai! Boss, huyo anacheka! Ameambia mzee ni yeye amekuwa akimwekea sumu, miaka mitatu! Si imeandikwa hapo chini!"

Drayer tu ndiyo iliyokuwa inaendelea na maisha.

"Mutanzania."

"Naam, Mama."

"Ile dawa ya kifua."

"Sumu, Mama."

"Na ule wa mulimani? Ulisema anamufundisha kuruka."

"Alikufa siku ile ile."

"Mupishi? Ulisema alienda likizo!"

"Hakufika, Mama."

"Yesu wangu." Akakaa kwenye kiti cha kuoshea nywele. "Banamufanya nini mukwe wangu?" Halafu akainuka tena, na safari hii alikuwa ananitazama mimi. "Na weye! Ulinifanya nimuombee muuaji! Jumapili mbili, mbele ya kanisa!"

Nilikuwa natafuta pa kuanzia kuomba radhi, mlango ukafunguka.

Didier. Suti ya bluu, viatu vinang'aa, kanyoa kwa mstari. Nyuma yake wazee wawili wa kanisa.

Hakuna aliyekuwa tayari. Chai ilishawekwa mezani tangu asubuhi, kwenye chupa, na vikombe. Wageni wakakaa, wakamiminiwa. Mama Furaha naye akakaa, anahema. Didier ni kijana wa adabu, hilo nisimnyime. Akaona Mama hayuko sawa, akachukua chupa kwa mikono miwili.

"Mama mukwe," akasema kwa upole, "uniruhusu nikumiminie chai."

Mama Furaha aliruka kama kiti kimemuuma.

"Acha ile chai!"

"Mama, usikunywe!" akapiga kelele Wanjiru, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama.

Wazee wa kanisa wakatazamana. Mmoja wao, ambaye alishapiga mafunda mawili, akakiweka kikombe chini polepole sana.

Didier hakuelewa kitu, lakini alikuja na hotuba, na hotuba akaitoa. Alisema Cape Town ilikuwa jangwa lake. Alisema kuna njia mtu hupotezwa ili ajue nyumbani. Alitaja upepo, alitaja mlima, alitaja sauti aliyoisikia akiwa peke yake. Kama mwandishi nilimwonea wivu kidogo. Alikuwa na mpangilio mzuri. Alipomaliza wazee wakasema amina.

Mama Furaha akanyoosha kidole kwangu.

"Mutanzania. Tafsiri."

"Mama, ameongea Kiswahili."

"Ninajua. Tafsiri. Na leo usiongope."

Nikasimama. Sentensi nilikuwa nayo mdomoni, kali, fupi, ingemkata Didier bila damu. Wote walinitazama. Solange alikuwa ameegemea ukuta, kitana mkononi.

Nikajikuta nasema: "Mama, mimi nisitafsiri. Kwa episode zote ishirini na saba nimewadanganya kwa ajili ya soketi. Kwa huyu, hata nikisema kweli, nitaisema kwa ajili ya kitu kingine."

"Kitu gani?"

Nikaangalia viatu vyangu.

"Eish, si anampenda huyu dada!" akasema Wanjiru. "Hiyo nayo inahitaji tafsiri?"

Mzee mmoja akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena aone vizuri.

"Mimi nitatafsiri," akasema Solange.

Akaja mpaka mbele ya Didier, akamtazama kama anavyotazama kichwa kabla hajaamua pa kuanzia.

"Didier. Ule dada wa kwaya alikuacha mwezi gani?"

Didier akakitazama kikombe. "Wa pili."

"Na weye ulianza kutubu mwezi gani?"

Wakuu, gari lilipita Jules Street, likasimama kwenye robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, ikawaka kijani, likaondoka. Bado alikuwa hajajibu.

"Wa pili," akasema.

"Aksanti. Nimetafsiri."

Wazee walishukuru kwa chai na kuondoka na kijana wao kwa heshima. Chai yenyewe, kwa taarifa yenu, ilikuwa nzuri tu. Niliinywa mimi baadaye, baada ya Mama Furaha kusisitiza nianze mimi.

Kona nimenyang'anywa. Dada wa kucha anaikalia sasa hivi ninapoandika. Mimi nimepewa kreti ya soda mlangoni na waya mrefu wa umeme, na hukumu yangu ni kuirudia series yote tangu episode ya kwanza, ukweli mtupu. Wanjiru amekuja kukagua mara mbili, na nywele zake bado hazijalegea hata moja.

Jioni ile ya Jumamosi, tulipokuwa tunafagia, nilimwomba Solange radhi. Nikamwambia aliniuliza kuhusu Gu nikamjibu kiwoga.

Akasema: "Gu nilimujua episode ya kwanza. Angalia wigi. Nywele mbili banazishusha usoni, upande wa kushoto, na kila episode zinashuka zaidi. Vile njo banapamba adui, sisi ba saluni tunaona. Siku ile sikuuliza habari ya Gu."

Nikasimama na fagio langu.

Nikamuuliza kama basi kuna nafasi yoyote kwangu. Akasema nimalize kwanza hicho kitabu, nimsomee kilivyo, bila kumtafsiria.

Ndiyo maana naandika kama ninakimbizwa.

Nililojifunza ni hili. Mtu akikuuliza swali la kwenye series, tazama kwanza anayeuliza, TV baadaye. Na uongo wa kupendeza usiusimulie mahali ambapo mtu anasubiri kuamua maisha yake. Ukishindwa hayo mawili, hakikisha hakuna Mkenya kwenye kiti.

Sasa nileteeni yenu. Nani amewahi kumsamehe adui kwa sababu tu mwigizaji ni yule aliyekuliza kwenye series nyingine? Na waliosoma vitabu kabla ya kuona picha, mnawezaje kukaa kimya sebuleni? Kejeli nazo nazipokea, nimeshazizoea.

Mwezi ujao Kanzu Nyeupe anatoka na series mpya. Kitabu nimekisoma: safari hii ni mfalme mlevi mwenye wake kumi na wawili. Nimeshamwambia Mama Furaha ukweli wote mapema.

Ameanza kufunga na kumuombea.