Kipepeo wa Mwezi wa Saba

Papa, baba yangu, alikuja kwangu Johannesburg kutibiwa macho. Alikuwa amefundisha sayansi ya viumbe huko kwetu Kalemie maisha yake yote. Daktari alimpima mara mbili, kisha akatuambia tumechelewa, presha ya macho imekwisha kuharibu mishipa. Alichobakiwa nacho ni kutofautisha mwanga na giza.

Nyumba tunayopanga mtaa wa Malvern ina uwanja mdogo kwa nyuma: mti mmoja wa pichi, tuta la spinachi, na matembele ya mke wangu kando ya ukuta. Jua likishapanda Papa alikaa huko, amevaa koti langu la zamani, blanketi miguuni. Mimi ni fundi cherehani, nashonea chumba cha mbele. Nilipompelekea chai aliniuliza, "Umeona nini leo?"

Alimaanisha wadudu. Alitaka nizunguke bustani, niiname, nigeuze mawe, kisha nimweleze mdudu ana mabawa ya namna gani, anatambaa au anaruka. Kwa maelezo yangu tu alimtaja jina. Mwanzoni nilifurahi sana. Nilipokuwa mtoto hakuwa na muda na mimi. Muda wake ulikuwa wa wanafunzi.

Lakini baridi ya huku haina huruma. Kufika mwezi wa saba nyasi zote zilikuwa kahawia, na chini ya mawe nilikuta sisimizi wawili watatu waliozubaa. Na mimi nilikuwa na sare za kwaya za kumaliza. Nikaanza kuishia mlangoni, kikombe mkononi, na kutunga. Leo nyigu. Kesho mbawakawa mweusi. Siku moja nikamwambia nimeona kipepeo wa rangi ya chungwa, ametua kwenye matembele.

Papa aligeuza uso upande wangu.

"Matembele yaliungua na baridi, mwanangu," akasema. "Asubuhi niliyapapasa, yanavunjika mkononi. Huyo kipepeo alitua wapi?"

Nikasema labda ilikuwa spinachi, na mwenyewe nikaisikia sauti yangu. Hakunigombeza. Alimaliza chai, akanirudishia kikombe, akashukuru.

Tangu siku hiyo hakuuliza tena. Mke wangu alidhani tumegombana, nikamjibu hapana, na kweli hatukuwa tumegombana. Afadhali tungegombana.

Mwishoni mwa mwezi wa nane mpichi ukachanua kabla haujatoa hata jani moja, na nyuki wakaja. Hao Papa aliwasikia mwenyewe. Mimi sasa nilikuwa natoka kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine. Nilimweleza vidukari waliojaa nyuma ya majani ya spinachi, na yule mdudu mwekundu mwenye madoa meusi anayewala. Yote yalikuwa kweli. Alijibu "vizuri", alijibu "asante", kama mtu anayeitikia salamu ya mpita njia. Asiyeona anaishi kwa kuwaamini wanaoona kwa niaba yake, na mimi imani hiyo niliivunja kwa ajili ya sare za kwaya.

Jumapili moja tulipotoka kanisani nikamkuta dundu mkubwa, mbawakawa mnene wa gamba gumu, akichimba udongo karibu na bomba. Nikamchukua, nikapiga magoti mbele ya Papa, nikamweka kwenye kiganja chake. Vidole vyake vikajikunja taratibu. Akapapasa mgongo kwa kidole gumba, akapapasa kichwa.

"Dundu," akasema. "Hana pembe. Ni jike."

Nikamwambia, "Papa, unisamehe kwa yule kipepeo."

"Nilikusamehe siku ile ile. Ila sikujua tena namna ya kukuuliza."

Akaendelea kumshika yule dundu mpaka mdudu akaanza kuhangaika, ndipo akanipa nimrudishe.

Aliposema anarudi Kalemie, tulimsihi abaki. Alisema kama ni upofu, bora awe nao mahali ambapo miguu yake inapajua. Mwezi wa kumi akaondoka na muumini mmoja wa kanisa letu aliyekuwa anarudi upande ule.

Alifariki masika yaliyofuata. Karatasi zangu za kuishi huku zilikuwa zinasubiri kuongezwa muda. Ningevuka mpaka wa nchi, nisingeweza kurudi kwa mke na watoto. Kaka yangu aliyeko Kalemie alishika simu kaburini ili nisikie nyimbo. Nilisikiliza nimesimama kati ya nguo za watu, mvua ikivuma upande wa kule, mpaka simu yake ikaisha chaji.